Pemba inahitaji wachomeleaji wa mabamba, si wa mageti pekee

MSAFIRI anayeshuka bandari ya Mkoani, akapita Chake Chake na kuendelea hadi Wete au Konde, hakosi kuona cheche za moto kandokando ya barabara. Hao ni mafundi wa kuchomelea vyuma. Nje ya vibanda vyao huegemezwa mageti yenye maua, madirisha ya kuzuia wezi, vitanda vya chuma, na mara moja moja gari la ng'ombe lililokatika ekseli.

Kwa kisiwa ambacho uchumi wake umeegemea karafuu, mwani, mpunga na uvuvi, hali hiyo inatia moyo. Chuma kinafanyiwa kazi Pemba kwenyewe badala ya kila kitu kuvushwa kwa meli kikiwa tayari. Lakini ukitazama kinachotengenezwa, swali linajitokeza: mbona karibu kila kitu ni geti?

Jibu halipo kwenye uvivu wa vijana wala ubovu wa walimu. Lipo kwenye hesabu ya vijiti vya kuchomelea, ambavyo mafundi wengi huviita rodi, na ya vipande vya chuma ambavyo mwanafunzi anaruhusiwa kuviharibu. Hesabu hiyo ni nadra kufanywa hadharani.

Ikumbukwe kuwa hadi mwaka 2010 Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Juni mwaka huo ulizinduliwa waya wa umeme wa kilovolti 33 uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, kwa msaada mkubwa wa Serikali ya Norway. Mashine ya kuchomelea ni mlaji wa umeme. Ikitoa ampea 120 kwenye ncha ya rodi, huvuta karibu kilowati nne kutoka ukutani. Majirani wa fundi wanalijua hilo bila kuambiwa, maana taa zao hufifia kila anapogusa chuma.

Kwa upande wa mafunzo, milango ipo. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali Zanzibar iliundwa kwa sheria ya mwaka 2006, na Pemba ikapata kituo cha Vitongoji, kisha baadaye kile cha Daya, wilaya ya Wete. Skuli ya ufundi ya Kengeja nayo inajulikana na wazazi wengi wa kusini mwa kisiwa.

Ipo pia njia ya pili, ambayo ndiyo ya wengi: kijana anakwenda kwa fundi na kuwa saidia fundi. Anashika kibano, anasugua kutu kwa brashi ya waya, anapaka rangi, anatumwa dukani. Kushika moto wenyewe anasubiri miezi, na kwa fundi mbahili anasubiri hata mwaka. Fundi naye asilaumiwe haraka. Kila rodi anayoiunguza imelipiwa na mteja, na kijana akitoboa bomba la mteja hasara ni ya fundi.

Sasa iangaliwe hesabu yenyewe. Rodi inayopatikana karibu kila duka la vifaa vya ujenzi ni ile yenye namba 6013. Tarakimu mbili za mwanzo zinaeleza nguvu ya chuma kinachobaki kwenye kiungo, yaani pauni 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Rodi ya unene wa milimita 3.2 na urefu wa milimita 350 huungua kwa dakika moja hivi, na kisiki cha sentimita tano hutupwa. Pakiti ya kilo tano huwa na rodi zipatazo 150. Kwa maneno mengine, pakiti nzima ni kama saa mbili na nusu za moto, basi.

Chukua mfano wa darasa la vijana 20 wanaogawana pakiti moja kwa wiki. Kila mmoja anapata rodi saba au nane, ambazo ni dakika saba au nane za kuchomelea. Kwa muhula wa wiki 12, kijana huyo atakuwa ameshika moto kwa saa moja na nusu. Hakuna Mpemba atakayekubali kuwa mtu amejua kuchuma karafuu kwa kukaa juu ya mkarafuu saa moja na nusu, lakini kwenye chuma kijana huyo huyo anaweza kupewa cheti.

Na hapo ndipo geti linapoingia. Geti ni kazi ya bomba la mraba lenye ukuta wa milimita moja na nusu au mbili. Shida yake kubwa ni kutoboka, hivyo kijana anajifunza kugusa na kuachia, kugusa na kuachia. Kasoro zikibaki, mashine ya kusaga inazilainisha na rangi inazifunika. Geti halibebi mzigo. Likiachia kiungo kimoja, litaning'inia upande na mwenye nyumba atamwita fundi kesho yake.

Bamba la chuma la milimita 10 ni jambo jingine kabisa. Linakula joto. Kijana aliyezoea bomba jembamba akija na moto wake ule ule mdogo, atapata mstari mzuri uliokaa juu ya bamba kama ute wa konokono juu ya jiwe, huku chini yake vyuma viwili havijashikana. Kwa macho hauoni kosa. Kosa linaonekana siku mzigo unapopanda.

Ndiyo maana kujifunza juu ya bamba ni skuli ya namna yake. Somo la kwanza ni kuwasha tu. Rodi inakwaruzwa kama kiberiti, kisha inainuliwa kidogo. Ikichelewa kuinuliwa, inanasa na kuanza kuwa nyekundu mkononi. Ikiinuliwa mno, moto unakatika. Umbali unaotakiwa kati ya ncha na bamba ni kama unene wa rodi yenyewe, na lazima ubaki hivyo hivyo huku rodi inazidi kufupika kila sekunde. Mkono unashuka na kusogea kwa wakati mmoja. Maneno ya ubaoni hayafundishi jambo hilo, na mwalimu hodari kuliko wote hawezi kumfupishia mwanafunzi rodi anazotakiwa kuziunguza.

Baada ya hapo ni kuona. Nyuma ya kioo cheusi mwanafunzi wa wiki ya kwanza haoni chochote isipokuwa mwanga. Taratibu anaanza kutofautisha mambo mawili yanayochemka pamoja: chuma kilichoyeyuka, na mavi ya chuma yanayotokana na ile ngozi ya rodi. Ngozi hiyo ina kazi. Ikiungua hutoa moshi unaozuia hewa isiguse chuma kilichoyeyuka, na mabaki yake huganda juu kama gamba ili kiungo kipoe polepole. Lakini gamba hilo likinaswa ndani ya kiungo, hapo pana ufa wa kesho. Fundi mzoefu hulisukuma nyuma kwa kuilaza rodi kidogo kuelekea anakokwenda, na husikiliza. Moto ukiwa sawa hutoa sauti ya samaki kwenye mafuta yaliyochemka vizuri. Ukiwa mdogo hukohoa.

Kisha bamba linasimamishwa. Kuchomelea bamba lililolala ni nusu ya kazi. Likisimama wima, chuma kilichoyeyuka kinataka kuanguka, na mwanafunzi analazimika kujenga kutoka chini kwenda juu, kijirafu juu ya kijirafu, akikaa pembeni kidogo na kupita katikati haraka. Mwisho ni kuchomelea juu ya kichwa, cheche zikiingia kwenye kola. Mabamba mawili yananolewa kingo nyuzi 30 kila moja, yanaachwa na upenyo mdogo, na kiungo kinajazwa tabaka kwa tabaka: la kwanza la mizizi, kisha la kujaza, kisha la kufunika. Kila tabaka linapigwa nyundo na kusuguliwa kabla ya jingine kuja.

Uzuri wa bamba ni kwamba hukumu yake haina upendeleo. Kinakatwa kipande chembamba kikipita katikati ya kiungo, kinawekwa kwenye jeki na kukunjwa hadi kuwa kama herufi U. Kiungo kizima hukunjika. Kibovu hupasuka mbele ya wanafunzi wote. Viwango vinavyotumika sehemu nyingi duniani haviruhusu ufa unaozidi milimita tatu kwenye mkunjo huo. Jeki ya gari, fremu ya chuma na msumeno vinatosha kuendesha kipimo hiki hata kwenye karakana ya kijijini, na inashangaza kuwa hakijawa jambo la kawaida kila mahali panapofundishwa ufundi huu.

Mkulima anaingiaje hapa? Anaingia kwa gari la ng'ombe. Msimu wa karafuu unapofika, mzigo unatoka shambani mbichi. Kilo tatu za karafuu mbichi hutoa kama kilo moja kavu, maana yake mkulima anasafirisha uzito mara tatu ya ule atakaouuza. Karafuu hizo zikilala kwenye magunia badala ya kuanikwa kwenye majamvi au sakafu, zinachacha, na zikikauka zinakuwa nyepesi na zilizosinyaa. Kwenye mizani ya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, karafuu hununuliwa kwa madaraja. Ekseli iliyochomelewa ovyo ikikatika jioni kwenye njia ya matope, hasara haiishii kwenye ekseli. Inaingia kwenye daraja la karafuu ya familia nzima.

Hasara hiyo haiandikwi popote. Mkulima atasema gari limekatika, kana kwamba ni kudra. Kumbe kiungo kilichomelewa kwa moto wa geti.

Orodha ya vitu vinavyohitaji chuma kinene kisiwani ni ndefu kuliko inavyodhaniwa. Ipo fremu ya trela la trekta na la pawatila. Zipo nanga za wavuvi zinazotengenezwa kwa nondo, ambazo zikiachia usiku mwenye chombo anajikuta kwingine. Zipo meza za kuanikia mwani, ambazo mbao zake huliwa na maji ya chumvi, na matangi ya maji pamoja na minara yake. Kipo pia kiwanda cha makonyo cha Wawi, karibu na Chake Chake, kinachokamua mafuta ya makonyo, mchaichai, mdalasini na mengineyo kwa mvuke. Chombo kinachobeba mvuke si mahali pa kujifunzia. Yeyote anayetaka kuanzisha mtambo mdogo wa kukamua mafuta kijijini, jambo ambalo linahimizwa mara kwa mara katika mikutano, atahitaji fundi aliyepimwa. Leo akimtafuta, aghalabu ataambiwa amwite kutoka Unguja au Dar es Salaam, amlipie nauli, malazi na chakula, na amsubiri.

Wapo watakaosema soko la Pemba ni la mageti, kwa hiyo kumfundisha kijana mabamba ni kumfundisha kuogelea jangwani. Hoja hii ina uzito wake. Nyumba zinajengwa kila siku, nyingi kwa fedha zinazotumwa na Wapemba walioko Unguja, Bara na Arabuni, na kila nyumba inataka geti na madirisha. Kijana lazima ale. Lakini soko la mageti lina kikomo, na kila anayehitimu anaingia kugombea wateja wale wale kwa kupunguza bei ile ile. Aidha, aliyejua bamba anaweza kuchomelea geti asubuhi na akalimaliza kabla ya adhuhuri. Aliyejua geti tu hawezi kugeuza mambo hayo.

Isitoshe, ng'ambo ya mkondo wa Pemba mambo yamebadilika. Februari 2022 ulitangazwa uamuzi wa mwisho wa uwekezaji wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambapo kilomita 1,147 ziko Tanzania. Chongoleani iko upande ule ule wa bahari unakotoka umeme wa Pemba. Kazi za namna hiyo hazimuulizi mtu alisoma wapi. Zinampa kipande cha chuma, zinamwekea saa, kisha zinapima kiungo. Sehemu kubwa ya uchomeleaji wa mabomba makubwa siku hizi hufanywa kwa mitambo, hilo lisifichwe, lakini matangi, vishikio, ngazi, madaraja na ukarabati wa miaka inayofuata bado ni kazi ya mkono wenye rodi. Kijana wa Wete anayeanza leo bado ana nafasi kwenye ukarabati huo, ilimradi mkono wake uwe umepimwa.

Kipo kikwazo ambacho Pemba inacho zaidi ya Dodoma au Iringa, nacho ni hewa yenyewe. Unyevu na chumvi ya bahari huingia kwenye ngozi ya rodi. Rodi iliyolowa hurusha cheche ovyo na kuacha vitundu ndani ya kiungo. Zile za namba 6013 zinaweza kuokolewa kwa kabati la mbao lenye balbu ya kizamani inayowaka ndani mchana na usiku. Zile za 7018, ambazo ndizo za kazi nzito, hazitaki mzaha: zikishanyonya unyevu huhitaji tanuri la joto la zaidi ya nyuzi 250 kabla ya kutumika. Pakiti iliyofunguliwa na kuachwa juu ya sakafu ya saruji msimu wa masika ni fedha iliyotupwa, na mara nyingi mwanafunzi hulaumiwa kwa mkono mbaya wakati mbaya ni rodi.

Suala la usalama nalo lisipitwe. Vijana wengi huchomelea na miwani ya jua na ndara. Usiku macho yanawasha kana kwamba yamemwagiwa mchanga, na asubuhi wanarudi kazini. Wanaochomelea mabomba yenye zinki hupata homa jioni, na imani iliyoenea ni kwamba glasi ya maziwa inasafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayana njia ya kufika kwenye mapafu. Kinachosaidia ni kuikwangua zinki kwanza na kukaa upande unaotoka upepo. Na pipa lililowahi kubeba petroli halichomelewi hata kama limekaa wazi mwaka mzima. Mvuke uliobaki ndani unatosha kumuua mtu.

Nini kifanyike? Kwanza, kila panapofundishwa uchomeleaji pawe na hesabu ya wazi ya kilo za rodi kwa kila mwanafunzi, itangazwe kama inavyotangazwa idadi ya wahitimu. Kilo moja kwa wiki si anasa. Ni rodi 30, nusu saa ya moto. Kwa vijana 20 na wiki 12 hiyo ni kilo 240, yaani pakiti 48. Wanaopanga bajeti wakiona idadi hiyo watashtuka, lakini afadhali washtuke sasa kuliko kuendelea kulipa mishahara, majengo na mashine kwa mafunzo ya saa moja na nusu.

Pili, chuma chenyewe. Bamba moja la milimita 10 lenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.4 lina uzito wa kilo 226 hivi. Likikatwa vipande vya milimita 150 kwa 100, kwa kuacha kando kinacholiwa na msumeno, linatoa vipande 192. Kila kipande kinaweza kukatwa kiungo, kunolewa na kutumika tena mara kadhaa. Kwa miezi ya mwanzo si lazima hata kununua: chuma chakavu kinachokusanywa na kuuzwa kwa kilo ndicho kinachofaa kwa kujifunzia kuwasha na kunyoosha mstari, kikisafishwa kutu. Vituo vikiruhusiwa kuchagua vipande vinene kwa bei ya chakavu kabla havijapelekwa kuyeyushwa, gharama itapungua sana.

Tatu, vyama vya wakulima na wenye magari ya ng'ombe wapewe nafasi ya kuleta kazi. Miezi miwili kabla ya msimu wa karafuu magari yaletwe, mkulima alipie chuma na rodi, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wachomelee chini ya mwalimu. Mafundi wa vibandani nao waalikwe kuleta saidia fundi wao siku moja kwa wiki, wafanye kipimo cha kukunja pamoja na wa darasani. Hapana shaka baadhi ya wa vibandani watawashinda wenye vyeti, na hilo lisiwe sababu ya kuwafungia mlango. Fundi aliyefaulu aandikwe bila kuulizwa cheti cha kidato.

Kwenye karakana kubwa za meli na mitambo kuna desturi moja ndogo inayofaa kuigwa hapa bila gharama yoyote. Kila mchomeleaji aliyepimwa hupewa namba, na akimaliza kiungo huigonga namba hiyo kwa patasi kando yake, kwenye chuma. Gari la ng'ombe lililochomelewa Vitongoji likipata ufa Micheweni, mwenye gari atapangusa tope kwenye ekseli, atasoma namba, na atajua amrudishie nani.